Tumjengee, au jiwe moja kichwani linatosha?

Arobaini ikikaribia, familia nyingi za Kigoma na Ujiji hugawanyika kwa swali hilohilo: marehemu ajengewe kaburi la zege, au aachwe na udongo wake?

Wanaotaka kujenga wana hoja nzito. Kaburi lisilo na alama hupotea upesi. Mvua za Novemba hadi Aprili hulisawazisha tuta, nyasi hulifunika, na msalaba wa mbao huliwa na mchwa kuanzia pale unapogusa udongo. Halafu kuna suala la ardhi. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inairuhusu Serikali kuyahamisha eneo likitakiwa kwa matumizi ya umma. Siku hiyo ikifika, kaburi lisiloonekana nani atalisemea?

Upande wa pili wapo Waislamu wanaoshika hadithi ya Jabir, sahaba wa Mtume: Mtume alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Tuta huinuliwa kiasi cha shubiri moja, basi. Lakini ni Mtume huyohuyo aliyeweka jiwe kichwani pa kaburi la sahaba wake Uthman bin Madh'un ili alitambue. Kutojenga, kumbe, si kufuta alama. Naona hapo ndipo pande zote mbili hupitiwa.

Zege lenyewe nalo halidumu kama tunavyodhani, hasa likiharakishwa. Udongo uliorudishwa kaburini hushuka kwa miezi mingi, na hushuka zaidi mvua zikiingia. Ukimwaga zege siku ya arobaini, chini yake huja kubaki uwazi. Bamba huvunjika kwa mshazari, kutoka begani kuelekea miguuni, na majani huota kwenye ufa. Nondo ikiwa karibu mno na uso wa zege hupata kutu, huvimba na kulipasua. Vigae vilivyobandikwa kwa madonge ya saruji huacha mifuko ya hewa. Maji huingia, kona zinaanza kubanduka. Baada ya hapo, kaburi la gharama huonekana limetelekezwa kuliko tuta la jirani lililofyekwa.

Anayeamua kujenga asubiri msimu mzima wa mvua upite. Bamba la mita 2 kwa 0.9, unene wa sentimita 10, kwa uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, halimalizi mifuko miwili ya kilo 50. Limwagiliwe maji siku saba.

Mnara wa Livingstone pale Ujiji unasomeka hadi leo kwa sababu una watunzaji. Mwembe wa mwaka 1871, Livingstone alipokutana na Stanley, ulishakufa. Miembe iliyopo inasemekana imetokana na vikonyo vyake. Familia isiyo na mtu wa kufyeka isijidanganye kwa saruji.

Mimi ningechagua jiwe au kibao cha zege cha sentimita 40 kwa 60, theluthi yake ifukiwe. Wanaoruhusu maandishi wachore jina na mwaka zege likiwa bichi, rangi hupauka. Kisha hesabuni hatua kutoka kwenye kitu kisichohama, kama kona ya ukuta, muandike kwenye daftari la familia, na nakala apewe kijana anayeishi karibu na makaburi.