Gari ikigongwa, nani achague garaji?

Wandugu wa Bukavu mulio huku Ufaransa, hii naandika juu naona wengi wetu tunapoteza haki yetu ku simu tu.

Mwezi wa kwanza hapa Lyon kijana mmoja alinigonga nyuma ku taa nyekundu. Hakukuwa kelele, tukatoa ile karatasi ya konsta, ya kuandika vile ajali ilipita, tukaandika wote wawili, tukachora gari zetu, tukasinya, kila mutu akabeba kopi yake, na uko na siku 5 za kazi za kuituma ku asiransi (bima) yako. Nikapiga simu. Mama wa asiransi akaniambia kwa upole, peleka ku garaji yetu, tutakupa gari ingine ya kutembelea, hautatoa hata senti moja. Miye naitika tu, ndiyo mama, ndiyo mama. Mwenzangu wa kazi njo alinishtua: huku mwenye gari njo anachagua garaji, ni sheria ya 17/3/2014, na asiransi inapaswa kukuambia ivyo.

Nikapeleka kwa fundi wa Villeurbanne mwenye garaji ndogo. Niliogopa kulipa kwanza halafu kungojea makuta irudi, kumbe kuna karatasi unasinya na asiransi inalipa fundi moja kwa moja, kama fundi anakubali. Sasa eksperi, ule mutu asiransi inatuma kupima uharibifu, alikuwa ameangalia gari ku mafoto, akaona parashoki (bampa) imepasuka, basi. Fundi akaivua, akaniita, njoo uone. Nyuma yake ile chuma ya kupokea kishindo ilikuwa imepinda kabisa. Akamurudilia eksperi, akangoja jibu, njo akaendelea na kazi.

Ile "njoo uone" ilinirudisha Kadutu, kule Bukavu. Wakati taksi-bus ilinipasua fari (taa ya mbele) na kapo (boneti) tukishuka Nyawera, shofere hakuwa na asiransi, watu wakajaa, mzee mmoja wa pale akatusikilizisha na tukakubaliana alipe fari, mengine niyabebe miye. Nikakaa juu ya tairi siku 2 nzima kwa tolie, fundi wa mabati, namuona anapiga nyundo, anapaka mastiki ya kuziba mashimo, anasugua, anangoja mvua ikate ili apulize rangi, na fari ya okazi (iliyotumika) nilienda kuichagua mwenyewe. Hakuna kitu alinificha. Lakini hakuna mutu alipima shasi, magurudumu walinyoosha kwa kamba na jicho, na gari ikaanza kuvuta kushoto, tairi zikakulika upande moja, na ku milima yetu ile si mambo ya kuchezea, nilibeba watoto mule ndani.

Kwa hiyo sikubali wenye kusema huku kila kitu ni bora, na sikubali vile vile wenye kusema mafundi wetu wanashinda wazungu. Kama ni kioo tu, peleka fasi asiransi inataka, itakwisha haraka. Lakini gari ikipigwa ku mwili, fikiri: ile garaji ya asiransi imekubali bei ya chini ili itumiwe magari mengi, sasa kiliya (mteja) wake ni wewe ao ni asiransi? Miye nataka fundi mwenye kunijibu miye.

Na kwetu Kongo nako sheria ilibadilika, ya 17/3/2015, siku ile ile na ya Ufaransa, mwaka moja baadaye, soko la asiransi likafunguliwa, si SONAS, asiransi ya serikali, peke yake tena. Ni muzuri. Ila ile asiransi ya lazima inalipa mutu uligonga, haitengenezi gari yako, na watu wengi wanaijua siku ya ajali.

Mudogo wangu aligongwa juzi karibu na Essence, ananiuliza apeleke kwa tolie gani. Nimemuambia amuangalie yule mwenye kumuacha akae pale, aandikishe bei ya kila pyesi, na apige foto ya shasi mbele mastiki haijapakwa. Namungojea anitumie leo magaribi.