Silojizimu inashtakiwa kwa kosa lisilo lake

Shtaka dhidi ya silojizimu, yaani hoja ya kauli mbili zinazozaa hitimisho, ni la zamani na ni fupi: haisemi jipya. Ukishakubali kwamba kila binadamu atakufa, na kwamba fulani ni binadamu, umeshakubali kwamba fulani atakufa. Hitimisho lilikuwamo ndani ya kauli mbili za mwanzo, na kulitamka ni kurudia tu. Sextus Empiricus, mwanafalsafa aliyeandika kwa Kigiriki, alilitoa shtaka hilo katika zama za Warumi. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Kiingereza, akalifufua mwaka 1843 kwa mfano aliouchagua kwa makini: Duke wa Wellington, jenerali mashuhuri ambaye wakati huo alikuwa bado hai. Utajuaje kwamba kila binadamu hufa kabla hujajua kama Wellington naye atakufa? Na kama hilo unalijua, silojizimu ya nini?

Swali ni zito, na wanaolipita kwa haraka hawalitendei haki. Lakini limesimama juu ya dhana moja, kwamba kauli ya jumla hupatikana kwa kuhesabu mmoja mmoja. Nyingi hazipatikani hivyo.

Chukua Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 260 kinasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka 18. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Viunganishe: kila mtoto ana haki hiyo, kila ambaye hajatimiza miaka 18 ni mtoto, basi kila ambaye hajatimiza miaka 18 ana haki hiyo. Hakuna kifungu kati ya hivyo viwili kinachosema hivyo peke yake, wala hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuhesabu watoto ili kuifikia kauli ya kwanza. Aliyezaliwa mwaka 2015 hakuwapo duniani Katiba ilipopitishwa, na bado hitimisho linamhusu kikamilifu.

Sasa aje msichana wa miaka 16 aliyekwisha kujifungua, aambiwe langoni mwa shule kwamba yeye ni mama, si mtoto tena. Silojizimu haitatuletea habari yoyote mpya juu ya msichana huyo. Itamlazimisha anayemzuia aseme anaikataa kauli ipi. Ya kwanza imeandikwa. Ya pili imeandikwa, na haikuweka sharti la kutokuwa na mtoto. Kinachobaki kubishaniwa ni umri wake, na umri huthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, si kwa hotuba juu ya heshima ya shule. Hiyo ndiyo kazi ya chombo hiki, kuonyesha ugomvi umekaa kwenye kauli gani.

Mill mwenyewe hakukitupa, ingawa wanaomtumia kama shahidi huishia nusu ya maneno yake. Alikiona kuwa ni kinga. Ukiwa na ushahidi wa kutosha kusema jambo juu ya mtu mmoja, ushahidi huo huo unapaswa kukuruhusu kulisema juu ya wote wanaofanana naye. Na ukiiandika kauli hiyo ya jumla kwa uwazi, mara nyingi utashtuka jinsi ilivyo dhaifu.

Ubishi kama huu uliwahi kuwaka pia katika elimu ya Kiislamu, ambako ndiko mantiki ilikotufikia watu wa pwani. Mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba asiyeimudu mantiki elimu yake haiaminiki. Mwanazuoni mwingine, Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alijibu kwamba mwenye akili haihitaji na mzito wa kuelewa haimfai kitu. Akaongeza kwamba kauli ya jumla haina nguvu kuliko mifano iliyoizaa, kwa hiyo kiyasi cha mafakihi, cha kupima jambo kwa jambo linalofanana nalo, hakiko chini yake. Hoja yake ya pili ni imara kuliko ya kwanza. Ile ya kwanza inasahau kwamba wenye akili nao hukosea, tena katika mambo makubwa.

Mfano upo karibu. Kwa miaka mingi, katika vituo vingi vya afya vya Afrika, homa ya mtoto ilitibiwa kama malaria bila kipimo. Hoja iliyokuwa ikizunguka vichwani ilikuwa hii: kila anayeugua malaria ana homa, mtoto huyu ana homa, basi mtoto huyu anaugua malaria. Kauli ya kwanza tuikubali kwa sasa. Ya pili imethibitishwa kwa kipimajoto. Hata hivyo hitimisho halifuati. Neno la kati, yaani lile linaloonekana katika kauli zote mbili na kutoweka kwenye hitimisho, ni “mwenye homa”. Kauli ya kwanza haikusema lolote juu ya wenye homa wote. Imewagusa wale tu wenye malaria. Ya pili imemgusa mmoja. Wagonjwa wa malaria na mtoto huyu wote wamo ndani ya kundi la wenye homa, lakini hakuna kilichotuambia kwamba wamekutana humo. Ukitaka kuhakikisha, weka maneno mengine katika umbo lile lile: kila mbuzi ana miguu minne, paka huyu ana miguu minne, basi paka huyu ni mbuzi. Aristotle, Mgiriki aliyeiasisi silojizimu, alizikataa hoja mbovu kwa njia hiyo hiyo, akitumia mnyama, mtu na farasi.

Gharama ya kosa hili haikuwa ya darasani. Mtoto mwenye nimonia alirudishwa nyumbani na dawa ya malaria, na nimonia ikaendelea kumla. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria athibitishwe kwa kipimo kabla ya kutibiwa. Kimantiki, kipimo kilibadilisha neno la kati: kila ambaye kipimo kimeonyesha vimelea ana malaria; huyu kipimo chake kimeonyesha vimelea; basi ana malaria. Umbo sasa ni halali, na ubishi umehamia kwenye ukweli wa kauli ya kwanza. Hapo pia pana kazi, kwa sababu vipimo vya haraka vinavyotafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, vinaweza kusoma chanya wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Lakini hilo ni swali la maabara, na maabara inaweza kulijibu.

Watetezi wa utaratibu wa zamani wana jibu la haki. Hawakuwa wakidai uhakika, walikuwa wakibahatisha kwa busara: dawa ilikuwa rahisi, malaria ilikuwa nyingi, na kuchelewa kuliua. Silojizimu haina la kusema juu ya “wengi”. Wengi wa A wakiwa B, na wengi wa B wakiwa C, hakuna chochote kinachofuata juu ya A na C. Tabibu anayepima uwezekano anahitaji hesabu ya aina nyingine. Nalikubali hilo bila shida. Ninachokataa ni uwezekano kuvaa nguo za uhakika, na umbo la hoja ndilo linalouvua nguo hizo.

Kuna idadi ambayo wanaosema silojizimu hurudia tu yaliyojulikana wangepaswa kuitazama kwa muda mrefu. Kauli zina aina nne: kila A ni B, hakuna A aliye B, baadhi ya A ni B, baadhi ya A si B. Zipange katika nafasi tatu, kauli mbili na hitimisho, unapata michanganyiko 64. Neno la kati linaweza kukaa kwa namna nne, hivyo jumla ni 256. Zilizo halali ni 24, sita kwa kila namna. Zile 232 nyingine zote ni mbovu, na nyingi kati yake zinapita masikioni bila kukwaruza. Chombo kinachokubali chini ya moja kati ya kumi hakirudii tu, kinachuja.

Kuchuja kwenyewe hakuhitaji kukariri. Anza na hitimisho, utambue maneno yake mawili, kisha utafute la tatu. Angalia kama neno la kati limezungumziwa kwa ukamilifu, yaani kauli imewagusa wote wa kundi hilo, angalau mara moja. Neno lililo kamili kwenye hitimisho liwe lilikuwa kamili kwenye kauli lilikotoka. Kauli mbili za kukanusha hazizai kitu. Ikikanusha moja, hitimisho nalo likanushe, na lisikanushe vinginevyo. Pengi pa kujikwaa ni kwenye kuziandika kauli zenyewe. “Wanachama tu ndio wanaopiga kura” maana yake kila mpiga kura ni mwanachama. Haisemi kwamba kila mwanachama anapiga kura, ingawa mikutano mingi imeisoma hivyo.

Wanamantiki wa kisasa wana lawama mbili zaidi. Ya kwanza inahusishwa na De Morgan, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19: kila farasi ni mnyama, basi kila kichwa cha farasi ni kichwa cha mnyama. Hoja ni halali, na silojizimu haiwezi kuithibitisha, kwa kuwa haina namna ya kushika uhusiano kati ya kitu na kitu. Mantiki mpya ya Mjerumani Frege, ya mwaka 1879, inaweza. Hapa hakuna la kutetea.

Ya pili ni kwamba kati ya zile 24, tisa hazisimami mpaka ujue kundi linalotajwa lina watu. Katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa inasema kila anayechelewesha mchango hutozwa faini, na kila anayetozwa faini hupoteza kura. Ukihitimisha kwamba baadhi ya waliochelewesha wamepoteza kura, umekosea ikiwa mwaka huo wote walilipa kwa wakati. Aristotle hakulitenga jambo hilo, na lawama ni ya kweli. Lakini dawa yake ni kauli moja tu: yupo aliyechelewesha. Mtunza hazina akiifungua daftari na kuionyesha, hoja inasimama. Umbo hilo na mengine manane yote hurudi kwa kauli ya namna hiyo, na 15 yaliyobaki yanathibitika ndani ya mantiki ya Frege bila nyongeza yoyote.