Meno ya kahawia ya Meru: kusugua, vinia au kofia?

Aliyekulia Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, mara nyingi meno yake humtangulia kusema kwao ni wapi. Floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya huko, huharibu enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, hadi umri wa miaka 8 hivi. Ndiyo maana anayehamia Arusha ukubwani meno yake hayabadiliki, na mwenyeji akihamia Dar es Salaam rangi haimtoki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa floraidi ya maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi nyingi za huko zimekipita mbali, na magadi ya kulainishia maharage huongeza floraidi nyingine.

Katika kuificha rangi hiyo, wanaotetea kofia za meno wana hoja. Enameli iliyojaa vishimo haishiki gundi vizuri: resini, yaani mjazo wa rangi ya jino unaobandikwa juu, hubanduka, unalipa tena. Kofia hulifunika jino zima. Halafu kuna kijana anayecheka ameziba mdomo kwa kiganja, anayeulizwa kwenye usaili kama anavuta sigara. Huyo usimwambie anataka urembo tu.

Lakini gharama kubwa ya kofia haimo kwenye risiti. Jino huchongwa pande zote, milimita 1 hadi 2, na zaidi ya nusu ya sehemu inayoonekana inaweza kuondoka. Haioti tena. Vinia, ganda jembamba linalobandikwa mbele ya jino, hula upande wa mbele tu, kama nusu milimita. Jino la kijana lina chumba kikubwa cha neva ndani yake. Ukichonga sana neva hufa, mkaingia kwenye kutibu mzizi. Na kofia nyingi hudumu miaka 10 hadi 15, kwa hiyo aliyevishwa akiwa na miaka 20 atazirudia mara kadhaa, kila mara jino likipungua.

Mimi naegemea kuanza na kidogo. Doa likiwa juujuu, kusuguliwa na daktari kwa asidi na unga laini, kisha kung'arishwa, huondoa ukahawia mwingi kwa kula tabaka jembamba tu. Usiporidhika, vinia bado ipo. Kofia ibaki kwa jino lililomeguka au lililooza sana. Daktari anayekutajia bei ya kofia nane kabla ya eksirei, kabla ya kukagua ufizi na jinsi meno yanavyoumana, mwombe kwanza akuwekee mfano wa majaribio mdomoni, bila kuchonga. Akisita, tafuta mwingine.