Programu ya Kurenda Iache Nafasi ya Kupumua

Jumatatu iliyopita kijana ninayefanya naye kazi ya kuchora nyumba aliingia ofisini, akaweka kompyuta mpakato yake mezani na kukaa bila kuiwasha. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwa sauti ya chini, "Kaka, wameifuta yote." Mwishoni mwa juma kompyuta ile ilikuwa imeganda mara tatu wakati akirenda, yaani akiiagiza kompyuta igeuze mchoro kuwa picha kama ya kamera, mandhari ya mbele ya nyumba ya mteja wa Kibaha, naye akaipeleka kwa fundi, fundi akasema Windows imechoka, akaipiga fomati pasipo kuuliza kama kuna kazi ndani. Michoro ya miezi miwili ilipotea hapo. Faili moja tu ya sebule ilikuwa imesalia kwenye flashi. Tulirudisha programu, tukaifungua faili hiyo na kuirenda, na baada ya dakika chache kishale cha kipanya kikaanza kukwama vilevile kama zamani, kisha skrini ikasimama. Maradhi yaliyotibiwa kwa kufuta kazi ya miezi miwili hayakuwamo kwenye Windows hata siku moja.

Naandika kwa uchungu kwa sababu huyu si wa kwanza. Hapa Dar es Salaam nimekwisha kuwaona wachoraji waliokopa fedha ili wanunue mashine nyingine ilhali waliyokuwa nayo ilifaa kabisa, na wengine walioacha kurenda wakaanza kuwalipa watu wa nje wawafanyie kazi ambayo wangeimaliza wenyewe usiku mmoja. Wote waliambiwa kwamba kompyuta ni mbovu au kwamba wao hawajui kuitumia. Mimi kosa naliona kwingine. Waundaji wa programu za kurenda waliamua kwamba mtumiaji akibonyeza kitufe, programu ichukue nguvu yote iliyomo ndani ya mashine, bila kumuuliza mwenye mashine kama ana kazi nyingine ya kufanya saa hiyo.

Uzito wa kazi yenyewe sibishani nao. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani vidoa vya rangi vinavyounda picha, zaidi ya milioni 2, na injini ya programu inayofuata mwanga hulazimika kupiga miale mingi kwa kila pikseli, ikiufuata kila mwale unavyogonga kioo cha dirisha, ukaruka hadi sakafuni, ukapanda ukutani. Miale 500 kwa kila pikseli tayari ni zaidi ya bilioni 1, kabla hujahesabu mirukio yake. Tena, kwa kuwa pikseli moja haingoji jibu la pikseli nyingine, kazi hii hugawanyika kwa urahisi mno miongoni mwa viini vyote vya prosesa, sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, na ndiyo maana vyote hufika asilimia 100 na kubaki hapo kwa saa nzima, jambo ambalo programu ya kuandikia barua haiwezi kulifanya hata ikitaka. Katika Blender, programu ya bure ya kurenda, kwa mfano, mpangilio wa kuanzia ni programu kuhesabu yenyewe nyuzi zote za prosesa, yaani njia ambazo prosesa hufanyia kazi kadhaa kwa pamoja, na kuzitumia zote.

Uamuzi huo una mantiki mahali ambapo kompyuta imewekwa kwa ajili ya kurenda peke yake, katika chumba chenye mashine nyingi zilizopangwa rafuni, ambako hakuna mtu anayekaa mbele ya skrini. Huko kuacha hata uzi mmoja bila kazi ni hasara, na hilo nawapa. Ofisi yetu haiko hivyo. Kompyuta mpakato moja, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, ndiyo inayochora ramani, inayokokotoa makadirio ya matofali na saruji, inayopokea ujumbe wa wateja, na inayorenda. Mwaka jana mama mmoja alitoka Mbagala kuja kuangalia sehemu ya jiko katika ramani yake. Tulikuwa katikati ya kurenda picha ya mtu mwingine, saa ya tatu ya kazi, na ramani ya mama huyo haikufunguka kwa zaidi ya robo saa. Kuisitisha kazi kungetupotezea saa zote tatu. Mama alivumilia, kisha akainuka akasema, "Basi wanangu, nitakuja kesho." Alikuja kweli, kwa nauli nyingine na siku nyingine ya kazi yake. Nilimwomba radhi siku zote mbili, na hadi leo naona haya kwamba mtu mzima aliingia gharama ile kwa sababu ya mpangilio ambao ningeweza kuubadilisha kwa sekunde 10 kama ningekuwa ninaujua.

Wanaotetea utaratibu huu husema kwamba anayerenda anataka picha yake imalizike haraka, hivyo kumpunguzia nguvu ni kumchelewesha. Basi tuhesabu. Prosesa yenye nyuzi 8 ikiacha uzi mmoja kwa kazi nyingine, picha iliyokuwa ikichukua dakika 40 itachukua dakika 46 kwa makadirio ya juu. Video ya sekunde 30 yenye fremu (picha moja moja zinazounda video) 24 kwa sekunde ina fremu 720; kila fremu ikichukua dakika 4, kazi nzima ni saa 48, nayo itasogea hadi saa 55 hivi. Saa 7 si kidogo pale mteja anapopiga simu kila asubuhi, nakubali. Lakini hata saa hizo si lazima zipotee, kwa kuwa mfumo endeshi, kama Windows, una njia nyingine iliyo bora zaidi, nayo ni kipaumbele. Programu iliyopewa kipaumbele cha chini hupata karibu nguvu yote ya prosesa wakati hakuna mwingine anayeihitaji, na husogea kando mara tu mwenye kompyuta anapofungua ramani au kuandika ujumbe, kisha hurudi pale pale akimaliza. Usiku, wakati ofisi imefungwa na hakuna mtu, kazi itakwenda kwa mwendo uleule wa siku zote. Mchana itampisha mwenye mali.

Hoja ya kasi, kwa hiyo, haina pa kusimamia. Mifumo endeshi ya Unix imekuwa na amri ya nice, ambayo kazi yake ni hiyohiyo ya kuifanya programu nzito iwapishe wengine, tangu miaka ya 1970, enzi ambazo watu wengi waligawana mashine moja na mtu aliyekuwa na hesabu ndefu alitarajiwa kuwafikiria wenzake. Adabu hiyo ilikuwepo kabla ya programu hizi kuzaliwa. Katika Windows unaweza kuingia Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazoendeshwa, ukaitafuta programu kwenye orodha ya kina, ukaishusha kipaumbele iwe chini ya kawaida. Lakini ukiifunga programu na kuifungua upya, itakubidi urudie. Ninachodai ni kwamba programu ya kurenda ijishushe yenyewe kila inapoanza kazi ndefu, na anayetaka ichukue kila kitu ndiye aende kwenye mipangilio kutafuta. Kwa sasa mzigo wa kutafuta umewekwa juu ya kijana yule na wenzake, watu ambao hata hawajui kwamba kuna kitu cha kutafuta, kwa sababu wanachokiona ni kompyuta inayokufa.

Nakiri kwamba ni vigumu kuwadai watu wanaokupa chombo bure. Mwaka 2002 wapenzi wa Blender walichanga euro 100,000 kwa muda wa wiki saba ili msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uachiwe huru, na maelfu yetu tunaojipatia riziki kwa kuchora nyumba tunakula matunda ya mchango ambao hatukuutoa. Shukrani hiyo ninayo. Hata hivyo, kidhibiti cha kuchagua idadi ya nyuzi kimo humo tayari, katika sehemu ya utendaji wa injini. Kinachokosekana ni kukiweka mbele ya macho ya mtu na kumwambia maana yake kabla hajabonyeza. Programu za kulipia hazina hata udhuru huo wa ubure.

Kuna jambo la pili, ambalo ndilo lililoisimamisha skrini kabisa siku ile, nalo ni RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayoifanya. Prosesa ikijaa, kompyuta huwa nzito. RAM ikijaa, kompyuta husimama, kwa kuwa mfumo endeshi huanza kuhamishia data kwenye diski na kuirudisha, na diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, hasa ile ya zamani yenye sahani inayozunguka. Hapo hata kushusha kipaumbele hakukuokoi. Wachoraji wengi hudanganywa na ukubwa wa faili. Picha ya zulia inayobandikwa kwenye mchoro, yenye pikseli 4096 kwa 4096, huweza kukaa kwenye diski kama faili iliyobanwa ya JPEG ya megabaiti chache, lakini ikifunguliwa ndani ya RAM kila pikseli hudai baiti 4, na jumla inakuwa megabaiti 64. Sebule ya yule kijana ilikuwa na picha 40 za ukubwa huo, yaani gigabaiti 2.5 za mazulia, mbao na vitambaa vya makochi, ndani ya kompyuta yenye gigabaiti 8 ambayo pia ilikuwa imefungua kivinjari. Picha ya kitambaa cha mto ulio pembeni kabisa ya chumba, ambao kwenye picha ya mwisho hauzidi upana wa kidole, ilikuwa na ukubwa sawa na ya sakafu. Tukiipunguza hadi pikseli 1024 kwa 1024, inabaki megabaiti 4. Programu inayajua haya yote kabla ya kuanza, maana inajua ina picha ngapi na za ukubwa gani, na inaweza kuiuliza kompyuta ina RAM kiasi gani. Ingetosha iseme, "Mandhari haya hayatoshi kwenye mashine hii," ili mtu aamue mwenyewe, badala ya kumwacha agundue kwa fundi.

Anayerenda kwa kadi ya michoro, kifaa kinachoweza kufanya hesabu hizo badala ya prosesa, naye asidhani ameepuka, kwa kuwa mara nyingi kadi hiyohiyo ndiyo inayochora skrini. Joto nalo lina sehemu yake: prosesa ikikaribia nyuzijoto 100 hujipunguzia mwendo ili isiungue, na kwa hali ya hewa ya pwani na vumbi linaloziba feni, kusafisha feni kila baada ya miezi michache kuna faida kuliko fomati kumi. Na kwa kuwa umeme haujulikani utakatika saa ngapi, video irendwe fremu moja moja kama faili za picha za PNG, kisha ziunganishwe mwishoni, ili umeme ukirudi uendelee na fremu iliyofuata.

Jumanne tuliketi naye asubuhi yote. Tulipunguza picha za sebule, tukaacha uzi mmoja wa prosesa, tukaishusha programu kipaumbele, kisha tukabonyeza. Wakati inarenda alifungua ramani nyingine pembeni akaanza kuichora, na kishale hakikukwama. Aliniangalia bila kusema kitu, nami sikuwa na la kumwambia, kwa kuwa maelezo yale yote yalikuwa yamechelewa kwa siku tatu. Nyumba ya Kibaha anaichora upya kutoka kwenye vipimo alivyokuwa ameviandika kwenye daftari. Alianza na msingi, na jana jioni alikuwa amefika kwenye linta.