Kompyuta ya mezani ya zamani: uiongezee RAM au uiache?

Mtu mwenye kompyuta ya mezani ya miaka kumi na kitu akilalamika inasuasua, wa kwanza atamwambia "ongeza RAM tu mzee, itapaa", halafu anakuja wa pili anasema achana na hilo kopo, hela hiyo tunza ununue mashine mpya. Mi naona wote wawili wanajibu kabla ya kuuliza, maana RAM, yaani memori ya muda ambamo programu zinafanyia kazi, inatibu ugonjwa mmoja tu na huo ugonjwa unapimika bila hata kufungua kava.

Ugonjwa wenyewe ni huu: programu ukizifungua zinakaa kwenye RAM, RAM ikijaa Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na ukirudi kwenye kitu ulichokiacha inabidi ikakisome tena huko kilikopelekwa. Sasa kama diski ni ile ya kuzunguka, kichwa chake kinabidi kihame huku na huku kutafuta vipande, yaani kazi ambayo RAM inaimaliza kwa nanosekunde yenyewe inaifanya kwa milisekunde. Ndo pale unabonyeza kitu, taa ya diski inawaka mfululizo, mausi inaganda, na we unabonyeza tena na tena kana kwamba haijasikia.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela fungua vitu vyote unavyotumiaga siku ya kazi, brauza na kurasa zake zote, sio mashine ndo kwanza imewaka. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, halafu Memory. Tazama sehemu ya Committed, yaani memori ambayo programu zimeahidiwa, kuna namba mbili, ile ya kwanza ikiwa imepita RAM uliyonayo kwa mbali basi wanaosema ongeza wako sahihi, mashine inaishi kwa kukopa diski. Ila ukikuta RAM imetumika nusu halafu Disk iko asilimia 100 muda wote, hapo kuongeza RAM ni kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo. Na kama prosesa (CPU, ubongo wa mashine) ndo imejaa, RAM haimsaidii mtu. Kwenye Windows 10 ukurasa huohuo unakuonyesha pia sloti (nafasi za kuchomekea RAM) ngapi zimetumika kati ya ngapi, kwa hiyo sio lazima ushike bisibisi ili ujue kama kuna nafasi.

Upande wa kuongeza una hoja nzito, tena ukitoka GB 4 kwenda 8 tofauti unaiona siku hiyohiyo, kwa sababu brauza za siku hizi karibu kila ukurasa unajitegemea na memori yake, na kama huna kadi ya grafiki ya pembeni basi ile ya ndani nayo inajimegea kwenye hiyohiyo RAM. Kuna faida nyingine watu wanaisahau, mazabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi zinasoma memori kwa njia mbili sambamba, so ukiwa na kipande kimoja unatumia njia moja tu, ukiongeza cha pili kinachofanana nacho unapata nafasi na upana wa njia kwa mpigo. Vikitofautiana spidi vinakubali mara nyingi, sema vyote vinatembea kwa spidi ya kile cha polepole. Kutoka 8 kwenda 16 kwa mtu wa barua, video na hesabu za ofisini, mi sioni sababu.

Upande wa kuacha nao sio wabishi tu. RAM za vizazi tofauti, yaani DDR2, DDR3 na DDR4, haziingiliani. DDR3 ilitoka 2007, DDR4 ikaja 2014, na DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 lakini mkato wa chini uko sehemu tofauti, ukilazimisha unavunja kitu. Maana yake hela uliyoiweka kwenye DDR3 inafia humohumo, hutoihamishia kwenye mashine mpya. Mazabodi nazo zina kikomo, zile za chipseti (chipu inayoiongoza bodi) ya Intel G41 zinaishia GB 8, za H61 zinaishia 16. Wenye DDR2 ndo kabisa, vipande vya GB 4 ni adimu, na vile vya bei ya kutupa mara nyingi vimetengenezwa kwa ajili ya mashine zenye prosesa ya AMD peke yake, kwenye za Intel mashine haiwaki. Mtego mwingine ni RAM za seva zile za Registered ECC, zinauzwa rahisi kwa sababu seva zilizostaafu ni nyingi, ila kompyuta ya kawaida haizikubali. Na kama Windows yako ni toleo la biti 32, lisiloweza kutumia memori nyingi, weka hata 16 utaishia kuona GB 3 na ushee mpaka uweke ya biti 64.

Hoja yao nyingine ni Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hii ni kweli lakini wanaichanganya na RAM, Windows 11 yenyewe inadai GB 4 tu, kinachozifungia mlango mashine hizi za zamani ni prosesa na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na hiyo hata ukijaza sloti zote haibadiliki. Njia moja iliyobaki ni kuhamia Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, na huko GB 8 zinakaa vizuri tu. Halafu ile "subiri ununue mpya" imepungua nguvu, kuanzia nusu ya pili ya 2025 bei ya memori mpya ilipanda vibaya kwa sababu viwanda vimeelekeza nguvu kwenye seva za AI, na kupanda huko kunaingia mpaka kwenye bei ya kompyuta nzima.

Mi nikiulizwa nasema hivi. Una GB 2, ongeza RAM kwanza. Una 4 na diski ya kuzunguka na hela ya kitu kimoja, chukua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, maana hata RAM ikijaa bado kukopa kutoka SSD hakuumizi kama kukopa kutoka diski ya zamani, RAM itafuata baadaye. Una DDR2, usiiwekee hela mpya, labda upewe bure.

Ukishaamua kuweka, chomoa waya wa umeme kabisa, gusa chuma cha kava kwanza ili umeme tuli utoke mwilini, linganisha mkato, halafu sukuma ncha zote mbili mpaka vishikio vijifunge vyenyewe, inahitaji nguvu kuliko unavyodhani. Mashine ikipiga milio bila picha, kitoe kipande cha RAM, futa pini kwa raba ya penseli, rudisha. Na kama ni cha mtumba kiachie Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha kabla muda wa kurudisha haujaisha, kosa hata moja likitokea kirudishe, usijishawishi kwamba ni bahati mbaya.