Nyonga inauma: MRI ya nini, na ya nani?

Kumwambia mgonjwa wa Lamu akapige MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) ya nyonga kabla ya upasuaji mara nyingi ni kumtuma safari: boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Malindi hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 300, na mguu wenyewe ndio huo mbovu. Si ajabu wapo wanaosema eksirei na mkono wa daktari vyatosha.

Kwa mzee ambaye nyonga imekwisha, wana haki. Eksirei itaonyesha nafasi baina ya mifupa imebana na vipembe vya mfupa vimeota ukingoni. Ikiwa kinena kinamuuma na paja halizunguki kwenda ndani, MRI haina la kuongeza. Hata saizi ya nyonga bandia hukadiriwa kwa eksirei hiyohiyo. Tena MRI ina hila zake: huonyesha gegedu lililochanika kwa watu wasioumwa kokote. Anayepasuliwa kwa kufuata picha tu aweza kubaki na maumivu yaleyale, kumbe yalitoka mgongoni.

Ila hoja hiyo siikubali kwa kijana mwenye selimundu, maradhi tunayoyajua vizuri pwani hii. Chembe za damu zilizopinda huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa hufa ungali ndani. Mwanzoni eksirei hutoka safi, naye hurudishwa nyumbani na vidonge. (Wengine hupigwa picha ya goti, kwa kuwa nyonga hupenda kutuma maumivu huko.) Mstari mwembamba kama mwezi mwandamo unapojitokeza kwenye eksirei, mfupa umeshaanza kubonyea, na kuutoboa ili kupunguza shinikizo hakutarajiwi kusaidia sana. MRI ingeonyesha mapema kuwa mfupa unakufa. Kwake yeye nauli ya Mombasa si anasa, kwani asipokwenda huenda akahitaji nyonga bandia angali kijana. Bibi aliyeanguka chooni, hawezi kukanyaga na eksirei yake ni safi, naye ni vivyo hivyo: ufa waweza kujificha.

Kwa hiyo fomu ya rufaa isiishie kwenye “MRI ya nyonga”. Iandikwe daktari anatafuta nini, na jibu litabadilisha tiba gani. Akikosa la kuandika hapo, safari ingoje. Na anayekwenda achukue eksirei zake za zamani, arudi na picha zenyewe pamoja na ripoti, maana daktari wa upasuaji atataka kuzitazama kwa macho yake.