Hachibeki kali ya Mfaransa kama gari ya kila siku: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Rafiki yangu mmoja alikuwa anatafuta gari ya kwendea kazini kila siku, ila hakutaka gari ya kumfanya asinzie, alitaka kitu kidogo, chepesi, gia za mkono, injini yenye hasira kidogo, na mfuko wake ulikuwa wa gari iliyotumika. Akasema anaifikiria Renault Clio 182, toleo la kasi la hachibeki ndogo ya Mfaransa. Basi kila aliyemuuliza akamwambia yaleyale ambayo sote tumeshayasikia: achana na gari za Mfaransa, umeme wake balaa, utakuwa unaamkia kwa fundi, bora uchukue Golf GTI au Honda Civic Type R, na kama hela haitoshi chukua Suzuki Swift Sport ulale usingizi.

Nimelifikiria sana hili kwa sababu naona wanaosema hivyo hawakosei kila kitu, ila pale wanapokosea ndipo penye uzito.

Tuanze na wanapopatia. Renault Laguna ya pili, ile iliyotoka mwaka 2001, iliwatesa wenye nayo kweli, kadi ya kuwashia inagoma, taa za dashibodi zinawaka bila sababu, turbo za dizeli zinakufa mapema, na sifa ile mbaya ikapaka kila kitu chenye nembo ya Renault hata gari ambazo hazikuwa na kosa. Mpaka mwaka 2006 bosi wa kampuni, Carlos Ghosn, akaahidi hadharani kwamba Laguna inayofuata itakuwa kwenye tatu bora za daraja lake kwa ubora. Mkubwa hatoi ahadi ya namna hiyo kama hakuna moto nyumbani.

Upande wa Peugeot na Citroën kuna ile injini ya turbo ya 1.6 THP, iliyobuniwa pamoja na BMW. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na tensiona dhaifu ya cheni, yaani kile kifaa cha kuikaza, asubuhi ukiwasha injini ikiwa ya baridi unasikia mlio kama mtu anatikisa sarafu ndani ya kopo, halafu vavu za kuingizia hewa zinaota masizi maana petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vavu kuzisafisha. Ugonjwa huo ni wa kweli na mtu asikudanganye. Lakini injini hiyohiyo ilikaa kwenye Mini Cooper S ya miaka ileile na ugonjwa ukaenda nayo, na sijawahi kusikia mtu akisema "si unawajua BMW lakini, hawajui kutengeneza injini". Mini ikiumwa inaumwa kama gari nyingine yoyote, Peugeot ikiumwa ni kwa sababu ya utaifa wake. Hilo linaniuma, na ndilo limenifanya niandike.

Halafu kuna kero ndogondogo za kila siku ambazo mashabiki wanazipita haraka. Clio 172 na 182 (namba ni nguvu za farasi) unakaa juu kama umekalia stuli, stelingi inapanda na kushuka tu, haivutiki kuja kwako, kwa hiyo mtu mrefu anaendesha mikono imenyooka na magoti yamekunjwa. Gia ni 5 na zimepangwa karibukaribu, ukiwa barabara kuu injini inalia zaidi ya mizunguko 3,000 kwa dakika muda wote, safari ya saa tatu unaisikia masikioni hata ukishashuka. Plastiki za ndani ni nyepesi na zinalia. Kama unatafuta utulivu wa Golf hapa haupo, tuyaache hayo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naamini ndilo limeharibu jina la hizi gari kuliko waya na kadi zote ukizijumlisha. Mkanda wa taiming, ule unaofanya vavu na pistoni ziende kwa mpangilio mmoja.

Clio 172, 182, 197 na 200 ya kabla ya 2013, pamoja na Megane RS (RS ni Renault Sport, tawi la Renault la gari za kasi) kizazi cha pili na cha tatu, zote zimejengwa juu ya ukoo mmoja wa injini, ile 2.0 inayoitwa F4R, na injini hii inatumia mkanda wa mpira, sio cheni. Kwa Clio 182 maelekezo ni kubadilisha kila kilomita 115,000 hivi au kila miaka 5, kinachotangulia. Sasa rudia kusoma hapo kwenye miaka 5. Watu wanasoma kilomita peke yake, wanaona gari ya mwaka 2004 ina kilomita 70,000 tu wanashukuru Mungu, wanasema mkanda bado una maisha, kumbe mpira hauhesabu kilomita tu, unahesabu joto na baridi, unahesabu mvuke wa oili, unahesabu miezi gari ilipokaa imepakiwa mkanda umekunjwa palepale kwenye puli. Ndiyo maana gari safi kuliko zote sokoni, ya mzee aliyeitoa jumapili kwa jumapili, inaweza kuwa ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu hakuna siku odometa ilimkumbusha.

Na mkanda ukikatika kwenye injini hii hakuna msalie mtume. Pistoni zinapanda zinakuta vavu ziko wazi, vavu zinapinda, silinda hedi inafunguliwa au unatafuta injini nyingine kabisa. Mwenye gari anasimulia kwa uchungu: gari ya Mfaransa imenifia na kilomita 70,000! Na hasemi uongo, kilomita ni hizo. Ila umri wa mkanda haumo kwenye simulizi, na anayesikia anambebesha Mfaransa mzigo wote.

Tena kubadilisha kwenyewe sio kazi ya kila mwenye spana. Puli za kamshafti, mihimili inayofungua vavu, kwenye injini hii hazina pini ya kuzishikilia mahali pake, zinabanwa kwa boliti tu, kwa hiyo fundi lazima afunge kamshafti kwa chuma maalumu na upande wa chini aifunge krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa pini yake, ndipo afungue. Anayeweka alama kwa rangi na kubahatisha atakurudishia gari iliyoruka jino moja, inatetemeka ikiwa imesimama na haivuti, na utaishi nayo hivyo ukidhani ndivyo zilivyo. Kuna na puli ya juu inayobadilisha taiming gari ikiwa inatembea, nayo ina umri wake, ikichoka ukiwasha inagonga kama dizeli kwa sekunde kadhaa ndipo inanyamaza. Na mkanda wa nje, ule unaozungusha jenereta, wengi wanaudharau, kumbe ukichanika nyuzi zake zinaweza kuingia nyuma ya kava zikakamata mkanda wa ndani na kumaliza habari. Kwa hiyo ukifanya unafanya vyote, mikanda miwili, tensiona, wota pampu na ile puli, na ni hela ya kuuma, sio siri. Ila ni mara moja kwa miaka 5. Ukiigawanya kwa miezi 60 utaona ni gharama ya kawaida tu ya kumiliki gari, tatizo inakuja kwa mkupuo na anayeikuta mara nyingi ni mnunuzi wa tatu au wa nne, aliyetumia senti yake ya mwisho kununua gari.

Tulienda kuangalia Clio mbili, zote 182. Ya kwanza ina kilomita 74,000, rangi inang'aa, viti havijakunjika, muuzaji anasema mkanda umebadilishwa "juzijuzi". Risiti haipo. Nikawasha tochi ya simu nikaangalia mwisho wa silinda hedi, pale kuna vifuniko viwili vidogo vya duara vinavyoziba matundu ya kamshafti, na fundi akitaka kufunga kamshafti hana njia nyingine, lazima avitoboe avitoe, kisha apachike vipya. Vile vya gari hii vilikuwa vimefifia, vumbi na oili ya zamani vimeganda pembeni kwa mviringo mmoja usiokatika, hakuna mkono uliopita hapo miaka mingi. Sikumwambia muuzaji kitu, nilimwonyesha rafiki yangu tu.

Ya pili ilikuwa na kilomita 161,000. Pembe ya kiti cha dereva imechanika, boneti ina alama za mawe, na mwenyewe akatoa bahasha nene ya risiti, mkanda umefanyika mara tatu maisha yake, ya mwisho miezi kumi na minne nyuma, na namba ya spea ya ile puli imeandikwa. Vifuniko vyeusi vipya. Tukaiwasha ikiwa ya baridi kabisa, tukainama kusikiliza, hakuna kugonga. Rafiki yangu bado alikuwa anageuka kuitazama ile inayong'aa, na simlaumu, macho yana njaa yake.

Sasa raha yenyewe, maana bila hii hakuna sababu ya kuhangaika na vifuniko. Clio 182 ina uzito chini ya kilo 1,100 na farasi 182, haina turbo. Golf GTI ya 2004 inavuka kilo 1,300. Tofauti hiyo unaikuta kwenye mzunguko wa kawaida wa barabarani, mwendo wa 40 tu: unageuza stelingi kidogo, pua inaingia palepale, unahisi uzito wa gari ukihamia tairi ya nje, gurudumu la ndani la nyuma linakuwa jepesi, unakanyaga mafuta na gari inajinyoosha yenyewe kutoka. Haujavunja sheria yoyote, haujamtisha mtu, na umefika kazini unatabasamu. Gari nyingi za kisasa zenye farasi 300 zinaanza kuwa tamu kwenye mwendo ambao utakunyang'anya leseni, kwa hiyo siku 5 za wiki unakaa na mnyama aliyelala. Gari nyepesi inakupa utamu wake saa mbili asubuhi kwenye njia ileile ya kila siku, na mimi naona hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa mtu anayetaka gari moja tu.

Na Wafaransa wana jambo lao kwenye suspensheni ambalo watu hawalisemi vya kutosha. Hawakazi tu springi mpaka mgongo ukuume, wanaiachia gari nafasi ya kupanda na kushuka kisha wanaidhibiti kwa shokapu. Clio RS ya 2013 ilipewa shokapu zenye kizuizi cha oili mwishoni, mbinu ya kutoka kwenye rali, ili ikipiga shimo isigonge chuma kwa chuma. Megane RS walitenganisha mhimili wa kugeuzia magurudumu ya mbele na nguzo ya shokapu, stelingi isikuvute mkono ukikanyaga mafuta mengi. Ndiyo maana Megane zile zilikuwa zinarudi Nürburgring, njia ndefu ya mbio kule Ujerumani, na kushusha muda, R26.R mwaka 2008 dakika 8 na sekunde 17, Trophy-R ya 2014 ikashuka chini ya dakika 8. Muda wa Nürburgring haukusaidii kwenye foleni, lakini akili iliyoupata ndiyo inayokusaidia kwenye lami yenye mabaka.

Ukitaka ya zamani zaidi, Peugeot 205 GTI ya kuanzia 1984 au 106 GTI, raha ni kubwa zaidi ila mashaka nayo yanaongezeka. Beringi za ekseli ya nyuma zinakufa kimyakimya, dalili yake ni magurudumu ya nyuma kuinamia ndani kwa juu, na ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona matako ya gari yanataka kukupita. Kwa gari ya kila siku, mvua ikinyesha, na mtoto kiti cha nyuma, mimi singeenda huko. Megane ya kizazi cha pili ilipata nyota 5 za Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa gari Ulaya, mwaka 2003, na kwa mwenye familia hiyo ni sababu tosha ya kusogea mbele miaka kadhaa.

Kwa hiyo nani asinunue? Mtu ambaye gari ikilala siku mbili kazi yake imeyumba. Mtu ambaye fundi wake hana zile chuma za kufungia kamshafti wala mashine ya kusoma kompyuta za Renault, maana kisomaji cha kawaida kitakuonyesha nusu ya tatizo. Na mtu anayetumia hela yote kununua na habakishi kitu. Hao Swift Sport inawafaa, ina cheni, na wala sio gari ya kuchosha. Pia ukweli mwingine wa kukumbuka, jina la Renault Sport lilimezwa na Alpine mwaka 2021 na Megane RS ya mwisho ilitoka 2023, kwa hiyo spea za kawaida bado utazipata kwa sababu wanachangia na Clio na Megane za watu wote, lakini vitu vyake pekee, bampa, fenda pana, vitovu vya magurudumu ya mbele vya Megane, vitazidi kuwa adimu.

Rafiki yangu alichukua ile ya kilomita 161,000. Kabla ya kubadili hata tairi aliipeleka ikabadilishwa mkanda wa nje, kwa sababu risiti ya huo ndiyo pekee haikuwemo kwenye bahasha, na fundi alipomaliza akachukua kalamu nyeupe akaandika juu ya kava nyeusi ya injini: tarehe, kilomita, na chini yake mwaka ambao mkanda wa ndani unatakiwa kufunguliwa tena.